Umelipia daktari, umetoka bila antibiotiki: kwa nini mkamba hatuutibu kama nimonia

Lalamiko hili hutufikia kila msimu wa baridi, mara nyingi kwa sauti ya juu pale dirisha la malipo: "Nimelipa hela ya kumwona daktari, halafu natoka na Panadol! Duka la dawa wangenipa dozi kwa nusu ya hela hii."

Wangekupa, hatubishi. Ila wangekupa dozi ya ugonjwa ambao huna, au nusu dozi ya ugonjwa ulio nao. Hapa zahanati vidonge vina bei yake, na ada ya daktari ina kazi yake. Ada ile inalipia jibu la swali moja: kifua hiki ni mkamba, ambao kwenye karatasi yako umeandikwa bronkaitisi, au ni nimonia?

Mkamba ni kuvimba kwa mirija mikubwa inayopeleka hewa mapafuni, na karibu mara zote huletwa na virusi. Nimonia iko ndani zaidi. Vile vifuko vidogo vilivyo mwisho wa mirija hujaa majimaji na usaha, hewa ikakosa pa kuingilia kwenye damu. Kwa hiyo mwenye mkamba anaweza kukohoa usiku kucha, nyumba nzima isilale, na bado akawa anapumua vizuri. Mwenye nimonia anaweza kukohoa kidogo tu huku anahema. Ukali wa kikohozi hautuambii kitu.

Rangi ya makohozi nayo haituambii kitu, hata kama umekuja nayo kwenye kopo. Kijani au njano inatokana na chembe za kinga zinazopambana, na hutokea kwenye mkamba wa virusi vilevile.

Kwa mtu mzima tunaangalia mambo manne: joto, mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, na sauti ya kifua. Joto likiwa chini ya 38, mapigo chini ya 100, pumzi chini ya 24, na kifua kikasikika safi mbele na mgongoni, nimonia ni nadra. Ukiwa na homa ya kutetemeka, kichomi upande mmoja kila ukivuta hewa ndani, na upande huohuo unasikika mchakacho kama chumvi inayokaangwa, hapo mazungumzo yanabadilika. Pumzi zikifika 30 kwa dakika, au presha ikishuka, au mgonjwa akaanza kuchanganya maneno, tunamwandikia rufaa. Wazee tunawaogopa zaidi, kwa sababu mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kabisa. Ameacha kula, amechanganyikiwa, basi.

Kwa watoto kazi kubwa ni kuhesabu pumzi, na hapo ndipo wazazi wengi huona tunawachelewesha. Nguo inapandishwa hadi kifua na tumbo vionekane. Mtoto asiwe analia wala ananyonya, akilia tunasubiri. Tunahesabu dakika nzima kwa saa. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, pumzi moja uliyokosea inakuwa nne, na mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja: mara haraka, mara taratibu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60 tunarudia kuhesabu. Ikibaki hivyo anakwenda hospitali. Miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Mtoto mwenye kikohozi aliyefikia namba hiyo tunamtibu kama mwenye nimonia. Hata namba ikiwa ndogo, tunatazama sehemu ya chini ya mbavu: ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, huyo si wa kusubiri.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hadi haamki vizuri, mama usimlete kwetu upange foleni. Mpeleke hospitali moja kwa moja.

Mtoto mwenye homa tunampima na malaria, na hiki pia kinalalamikiwa kama gharama ya kubambikiwa. Malaria nayo humfanya mtoto ahemee juu, na magonjwa haya mawili yanaweza kumpata kwa pamoja. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, pumzi bado zinahesabiwa.

Kile kifaa cha kubana kidoleni kinapima oksijeni kwenye damu. Chini ya asilimia 90 ni rufaa, bila mjadala. Kidole chenye baridi, rangi ya kucha au piko vinaweza kukipotosha, na kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Kwa hiyo 92 hatuifurahii. Picha ya kifua hatumwandikii kila mtu. Nimonia iliyoanza jana inaweza isionekane, na hela yako imeshakwenda.

Sasa njia ya mkato. Ya kwanza ni vidonge vichache vya rangi mbili, "nionje kwanza." Kama ni mkamba, umemeza bure: antibiotiki hupunguza kikohozi kwa takribani nusu siku, na badala yake unaweza kupata kuhara na vipele. Kama ni nimonia, homa inashuka kidogo, unaacha, ugonjwa unarudi ukiwa mbele zaidi, na sasa unalipia kitanda. Ya pili ni kumpa mdogo dawa ya maji iliyobaki kwa kaka yake. Amoksilini ya mtoto hupimwa kwa kilo, ndiyo maana mizani inatangulia, na chupa ikishachanganywa na maji ina siku zake, zimeandikwa kwenye kibandiko. Ya tatu ni kudai sindano. Kwa nimonia isiyo kali, amoksilini ya kumeza iliyokamilishwa inafanya kazi ileile. Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, tunaiacha kwa walio mahututi.

Inayotuudhi kuliko zote ni antibiotiki iitwayo siprofloksasini, ya kujinunulia. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuipoza TB kwa muda bila kuiponya, kipimo kikachelewa na watu wa nyumbani wakaambukizwa. Kikohozi kikifika wiki mbili, toa makohozi yapimwe. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Anayeishi na VVU asingoje hata hizo wiki mbili.

Aliyeambiwa ni mkamba anywe maji, ameze parasetamoli kwa homa, akae mbali na moshi wa kuni na sigara. Asali inatuliza koo, ila si kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Kikohozi kinaweza kuchukua hadi wiki tatu, na hilo tunalisema mapema ili siku ya kumi usituone matapeli. Kifua kikipiga filimbi tutafikiria pumu, yenye dawa za kuvuta. Na kadi ya kliniki ya mtoto tunaiomba kwa sababu chanjo ya nimonia hutolewa bure wiki ya 6, 10 na 14. Asiyeipata tunamhofia zaidi.

Ukipewa antibiotiki na saa 48 zikapita homa haijashuka, au ulianza kupona kisha homa ikarudi, njoo. Marudio ya ugonjwa huohuo ndani ya wiki moja hatutozi ada ya daktari. Na kama ulishanunua dawa mahali kabla ya kuja, njoo na pakiti yake hata kama ni tupu, maana "vile vya njano" vipo vya aina nyingi.