Salamu za Krismasi kwa wenzangu wa mitumba

Ndugu zangu wa kikundi, wateja wetu na majirani wote wa soko, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi katibu wenu nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Mwaka ulikuwa mgumu. Belo la nguo za watoto limepanda hadi tunachanga watu watatu ndipo tufungue moja, na mama mwenye watoto wanne anaondoka na gauni la mmoja.

Msimu huu nimemuwaza sana mtu wa kazi yetu, David Walker, Mmarekani Mweusi wa zama za utumwa. Alizaliwa Wilmington, North Carolina. Baba mtumwa, mama huru, naye akawa huru. Miaka ya 1820 aliuza nguo kuukuu Boston, mtaa wa Brattle, na mabaharia walikuwa wateja wake. Septemba 1829 akatoa kijitabu, Appeal, yaani Wito, akiwaambia Weusi wa Marekani wasingoje uhuru kwa hisani ya bwana, na akiwashutumu Wakristo waliosali huku wakiwachapa watu mijeledi. Mabaharia walikipeleka kusini, kwenye majimbo ya utumwa. Inasimuliwa kuwa nakala nyingine zilishonewa ndani ya nguo. Mimi nikifungua belo la makoti lazima nipitishe mkono kwenye bitana, pale mshono ulipofumuka, na kila mara namkumbuka yeye.

Desemba ya mwaka huohuo nakala 60 zilinaswa Savannah, mji wa jimbo la Georgia. Bunge la Georgia likatunga sheria chapuchapu: msambazaji angeweza kuuawa, na kumfundisha mtumwa kusoma likawa kosa. Na hao ni watu waliokuwa wakijiandaa kwa Krismasi!

Agosti 1830 Walker alifariki, siku chache tu baada ya bintiye mdogo. Mkewe Eliza akajifungua mtoto wa kiume, baba yuko kaburini. Nikifika hapo machozi hunitoka, maana mdogo wangu, tuliyegawana naye kizimba, tulimzika Machi, na mwanawe kazaliwa Julai. Masikio ni ya baba yake kabisa. Mtoto wa Walker, Edward, alichaguliwa kuingia bunge la Massachusetts mwaka 1866.

Basi ndugu zangu, sikukuu isiishie kwenye pilau na soda. Madaftari ya Januari yanunuliwe kabla ya viatu vya kung'aa. Yatima wa mwenzetu avishwe kabla ya mwanao. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua. Na mchuuzi akinyang'anywa mali mbele yako, usiinamishe kichwa ukasema si kizimba changu, fungua kinywa! Tunamwimbia Mtoto aliyekosa nafasi nyumba ya wageni, kisha tunamfukuza machinga kwenye kivuli chetu? Tutubu, jamani.

Mnaosafiri kwenda nyumbani, nendeni salama, mrudi salama. Shemeji yangu anawasalimu na anawashukuru kwa rambirambi. Mtoto atabatizwa Jumapili ya kwanza ya mwaka, karibuni nyote. Mungu awabariki.