Shukrani kwa daktari wa mifugo aliyemsikiliza ng'ombe wetu

Namshukuru hadharani daktari wa mifugo ambaye hakupenda jina lake litajwe. Ng'ombe wetu alikuwa amevimba kidari, hali wala hacheui. Daktari alitazama kwanza mshipa mkubwa wa shingo, uliokuwa umetuna hadi karibu na taya. Kisha akaweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, akahamia kulia, akasikiliza bila haraka, halafu akatupa nasi nafasi tusikie mapigo yaliyofifia yakichanganyika na sauti kama ya maji yanayotikiswa. Alipombana mgongoni, mnyama aliguna. Akatueleza waziwazi kwamba waya uliomezwa hutoboa tumbo la pili na kufikia utando wa moyo, na kwamba hapo tiba huponya mara chache. Ukweli huo ulimwepusha mnyama na mateso marefu. Wafugaji wenzangu, okoteni waya na misumari kabla ya kulisha.