Mama Habib, London si mbali kama unavyodhani

Kisenyi, Kampala

Mpendwa Mama Habib,

Salaam nyingi, na hongera kwa mjukuu. Allah amkuze.

Umeuliza London ni mbali kiasi gani. Ukipima moja kwa moja kutoka Entebbe, ni kama kilomita 6,500. Usitishike. Kutoka huko kwenu Arua hadi Kampala hazifiki hata 500, na basi la usiku linakula masaa manane, huku dereva akifunga breki Karuma kwa sababu ya nyani waliojipanga barabarani kungoja maganda ya ndizi. Ndege ya Uganda Airlines ya kwenda Gatwick, uwanja mmoja wa London, iliyoanza Mei 2025, inachukua karibu masaa tisa bila kutua popote. Kwa hiyo ukishuka basi hapa Kampala, Arua Park, kwa uchovu umeshamaliza nusu ya safari.

Usishangae ndege ikipinda. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, ndege za abiria zinaizunguka anga ya nchi ile.

Habib anataka upitie Dubai kwa kuwa ni bei nafuu. Sawa, lakini hapo unavutwa mashariki kwanza ndipo urudishwe magharibi, na jumla inapita kilomita 9,000. Addis Ababa iko karibu zaidi na njia, kama 7,100 hivi. Ila mimi nisingehesabu kilomita, ningeuliza masaa ya kusubiri. Matatu, manne, yanavumilika. Kumi na moja juu ya kiti cha chuma, mkoba umeukumbatia, na magoti yako hayo? Sikubali. Mwambie aongeze pesa.

Usingizi hautakusumbua sana, maana unakwenda kaskazini zaidi kuliko magharibi. London iko nyuma yetu kwa masaa mawili wakati wa joto, matatu wakati wa baridi. Mdogo wangu alipokwenda Guangzhou, China, ambako wametutangulia kwa matano, alikuwa macho usiku kucha na mchana anasinzia dukani kwa watu.

Sasa hili lishike. Tiketi ikiandikwa Jumapili 02:00, hiyo ni saa nane ya usiku wa kuamkia Jumapili. Jumamosi ukishaswali Isha, uwe njiani kwenda Entebbe, na foleni ya Kampala unaijua. Wapo waliofika Jumapili usiku na masanduku yao, ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Tena saa ya kufika huandikwa kwa saa ya kule. Ukiona 02:00 hadi 09:00, usihesabu masaa saba, ni tisa wakati wa joto, kumi wakati wa baridi.

Habib asilipe chochote kabla hujanitumia picha ya hiyo tiketi. Na uje siku mbili mapema, ulale kwangu.

Ndimi,
Mama Rehema