Mhariri, picha yenu imekata ushahidi wa santuri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua kuhusu makala mliyoitoa juu ya santuri ndogo ya muziki wa soul iliyopatikana katika Soko la Majengo, hapa Dodoma. Mwandishi aliwauliza wasomaji nani anaijua lebo hiyo, na yeye mwenyewe akakisia kwamba ni ya Nairobi, miaka ya 1950. Swali ni zuri. Tatizo ni picha. Imekatwa mviringo pembezoni kabisa mwa karatasi ya katikati, na kilichotupwa ndicho chenye majibu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Lebo ni karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani, na lebo ni kampuni iliyotoa muziki. Makala ilirukaruka kati ya maana hizo mbili hadi msomaji akaachwa njia panda. Sisi hapa tutaiita karatasi "karatasi", na kampuni tutaiita "lebo".

Hata kwa picha hiyo iliyokatwa, yako mambo yanayoonekana. Tundu la katikati ni pana, kama milimita 38, tundu la sahani za Marekani za mizunguko 45 kwa dakika. Sahani nyingi za Uingereza na Kenya zina tundu dogo, au kipande cha katikati kinachong'oka. Chini ya jina la lebo kuna anwani ya mji inayoishia na tarakimu tano. Namba hizo za posta zilianza Marekani tarehe 1 Julai 1963. Kabla yake, tangu 1943, miji mikubwa ilitumia namba fupi ya tarakimu moja au mbili katikati ya jina la mji na la jimbo. Kwa hiyo karatasi hiyo haiwezi kuwa ya miaka ya 1950. Halafu hakuna alama ya herufi P ndani ya duara, ambayo kwenye sahani za Marekani inahusiana na sheria ya hakimiliki ya rekodi iliyoanza tarehe 15 Februari 1972. Alama hiyo ikikosekana haithibitishi kitu, maana lebo ndogo zilikuwa zikiisahau, lakini pia haipingani na miaka ya 1960.

Mwandishi alisema pia kwamba soul isingeweza kufika Dodoma kwa sababu ilipigwa marufuku. Marufuku ya Novemba 1969 ilitangazwa na uongozi wa Mkoa wa Pwani kwa ajili ya Dar es Salaam. Dodoma si Pwani, na santuri husafiri na mizigo ya watu.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyokatwa. Kati ya mfereji wa mwisho wenye sauti na karatasi kuna pete tupu, inayong'aa, upana wa kidole hivi. Humo mna namba na alama zilizochorwa kwa mkono au kupigwa kwa chuma. Sababu ya kuwepo kwake ni hii: sauti ilitoka kwenye mkanda ikakatwa na fundi juu ya sahani laini ya lakari, lakari ikapelekwa kupakwa madini, kutoka kwenye madini hayo ukapatikana muhuri wa chuma, muhuri ukafungwa kwenye mashine ya kufyatulia sahani. Kila mkono uliopitia kazi hiyo ulihitaji kujua sahani ni ya nani na upande upi, hivyo ukaandika. Mwenye lebo aliweza kubuni jina lolote na kuchapa karatasi ya rangi yoyote. Ile pete hakuisumbukia, kwa kuwa mnunuzi hakuwa akiitazama.

Kuisoma kunataka subira. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze karibu usawa na sahani, kisha zungusha sahani taratibu, si tochi. Mwanga wa kutoka juu unafuta kila kitu. Andika kila alama kama ilivyo, pamoja na nafasi, vistari na namba zilizofutwa kwa kukwaruzwa, na useme ipi imechorwa kwa mkono na ipi imepigwa muhuri. Soma pande zote mbili. Makosa tunayokutana nayo zaidi ni 1 kusomwa 7, 5 kusomwa S, na pembetatu kusomwa herufi A. Hilo la pembetatu ni kubwa kuliko yote. Pembetatu ikifuatwa na namba, na upande wa pili namba ileile ikiwa na -X mwishoni, ni alama ya kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Namba zake zilikwenda kwa mfululizo, hivyo sahani unayoijua tarehe yake inakusaidia kukadiria ya jirani yake.

Kampuni ya RCA ilifyatua sahani za wateja wa nje pia, na namba zake ni zawadi kwa mtafutaji. Ukiona mfano SK4M ikifuatwa na tarakimu nne, herufi ya kwanza ni mwaka: R ni 1964, S 1965, T 1966, U 1967, W 1968, X 1969. V imerukwa. Herufi ZTSC zinaelekeza kwenye huduma ya kampuni ya Columbia kwa wateja wa aina hiyo. Kiwanda cha Rite cha Cincinnati, ambacho lebo nyingi ndogo za fedha za mfukoni zilikikimbilia, kinaacha namba zinazofuatana kwa pande mbili, na mara nyingi namba ya mteja inayoanza na CP. Alama ARP ni ya American Record Pressing ya Owosso, Michigan, waliofyatua pia sahani za Motown, lebo kubwa ya soul. Maneno Bell Sound ni studio ya New York iliyokata lakari. Nashville Matrix na Audio Matrix ni wapakaji madini.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kiwanda si lebo. Sahani iliyofyatuliwa Cincinnati inaweza kuwa ya mwenye duka la Alabama aliyetuma mkanda na hundi kwa posta. Namba ya mteja nayo mara nyingine ni ya studio iliyokusanya kazi za watu kumi, si ya lebo. Na mwaka wa RCA ni mwaka ambao kazi iliingia kiwandani. Sahani iliyoingia Desemba huuzwa mwaka unaofuata, na sahani iliyofyatuliwa upya kwa muhuri wa zamani hubeba mwaka wa zamani. Pete inakupa kiwanda na wakati. Mtu hakupi.

Mtu utampata kwenye karatasi, kwa maandishi madogo ambayo msomaji huyaruka: jina la mtunzi ndani ya mabano, na chini yake jina la mchapishaji wa wimbo likifuatwa na BMI au ASCAP, vyama vinavyokusanya mirabaha. Mwenye lebo ndogo mara nyingi ndiye mwenye kampuni ya uchapishaji, na huko aliandikisha kwa jina lake halisi kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na fedha. Orodha za hakimiliki za Marekani zilichapwa kama vitabu hadi 1978 na sasa zinasomeka bure kwenye intaneti. Lakini usitafute rekodi humo. Rekodi za sauti hazikulindwa na sheria ya shirikisho kabla ya Februari 1972, kwa hiyo hazimo. Tafuta utunzi: jina la wimbo, mtunzi, mchapishaji, tarehe ya kuandikishwa. Ukipata tarehe, fungua magazeti ya biashara ya muziki, Billboard na Cash Box, miezi mitatu kabla na sita baada. Lebo mpya ilitangazwa kwa mistari miwili, pamoja na jina la mwenye nayo na msambazaji. Baada ya hapo ni vitabu vya anwani za mji husika na daftari la kampuni la jimbo, kama ambavyo huku tungekwenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni.

Tahadhari na majina. Stax, lebo maarufu ya soul ya Memphis, ilianza 1957 kwa jina la Satellite. Ilibadilishwa 1961 kwa kuwa California kulikuwa na Satellite nyingine, na wenye nayo, Jim Stewart na Estelle Axton, wakaunganisha herufi mbilimbili za mwanzo wa majina yao. Kama lebo ya ukubwa huo iligongana jina na nyingine, itakuwaje kwa vijilebo vilivyotoa sahani tatu vikafa? Hifadhidata kama Discogs hutofautisha kwa kuweka namba kwenye mabano baada ya jina, na wachangiaji wake mara nyingine huchanganya miji miwili chini ya namba moja. Linganisha anwani, mchapishaji na mchoro wa herufi kabla ya kukubali. Vilevile, kumjua mwanzilishi si kumjua mwenye mali. Mwaka 1968 Stax ilipoachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikisambaza sahani zake, iligundua kwamba rekodi zake nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa za Atlantic kwa mkataba.

Kuna na bandia. Uingereza ya kaskazini, katika kumbi kama Wigan Casino iliyodumu kutoka 1973 hadi 1981, sahani za soul zisizojulikana zilisakwa kama dhahabu, na wapiga santuri walifunika karatasi na kuzipa majina ya uongo ili washindani wasizipate. Sahani ya Frank Wilson ya 1965 kwenye lebo iitwayo Soul, tawi la Motown, iliuzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Bei hiyo inavuta wafyatuaji wa bandia. Mara nyingi bandia ina namba iliyochorwa kwa mkono pale ambapo halisi ina muhuri, herufi za karatasi zimevimba kwa kuwa zimepigwa picha kutoka karatasi nyingine, na sauti ina mikwaruzo iliyonakiliwa, unayoisikia bila kuiona juu ya sahani. Anayefurahia bei asiishie kwenye jina.

Gonga ukingo kwa kucha pia. Sahani ya polistirini (plastiki ngumu) hulia kwa mlio mkali, ni nyepesi, na karatasi yake imebandikwa kwa gundi. Ya vinili (plastiki laini zaidi) hutoa sauti nzito, na karatasi imeshikana nayo tangu kwenye joto la mashine. Polistirini huliwa haraka na sindano mbovu, kwa hiyo usiipige kwanza ndipo uisome.

Wala usiioshe kabla ya kuipiga picha. Muhuri wa duka, bei ya kalamu, jina la mwenyewe, vyote ni njia ya kurudi nyuma. Muhuri wenye neno Tanganyika unaelekeza 1964 au kabla yake, ingawa mwenye duka hutumia mpira wa muhuri mpaka uishe. Sahani iliyoandikwa Made in Kenya yenye muhuri wa duka la Dodoma kuna uwezekano mkubwa iliingia kabla ya mpaka kufungwa mwaka 1977. Picha ikishapigwa, osha kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko, bila kulowesha karatasi. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi; yakikauka yanaacha ukungu mweupe ndani ya mfereji. Maji yaliyotoneshwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri yanafaa, ila uliza kwanza kama ni maji au tindikali, maana vyote viwili huitwa maji ya betri. Spiriti usiiguse kwenye sahani nzito za mizunguko 78, kwa kuwa shelaki, malighafi ya sahani hizo, inayeyuka ndani yake. Zihifadhi zikiwa zimesimama. Zikilazwa juu ya kabati chini ya bati la Septemba, utazikuta zimekuwa sinia.

Tumeona Sabasaba na kwingineko sahani zikikatwa kuwa saa za ukutani. Fundi saa hutoboa katikati na kubandika karatasi mpya juu ya pete. Hatumkatazi mtu riziki yake, lakini picha mbili za simu kabla ya kutoboa hazimchukulii dakika tano.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Rudieni kuchapa picha ile bila kuikata, pande zote mbili, tochi ikiwa imelazwa kushoto, na pembeni kuwe na rula inayoonyesha sentimita. Ukingoni juu mwa picha yenu, kulia, umebaki mkia wa alama moja usiozidi milimita nne. Inaweza kuwa mguu wa herufi K. Inaweza pia kuwa pembetatu.

Ni sisi watunzaji na mafundi wa santuri,
Dodoma Mjini