Barua kwa mwanangu: rudi kwenye kamera

Newala, Julai

Mwanangu Saidi,

Habari yako nimeipata kwa shangazi yako, tena msibani, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Ungenipigia mwenyewe. Haya. Nimefurahi umemeza zile dawa za siku 14 bila kuruka hata dozi moja. Wewe ambaye klorokwini ulikuwa unaificha chini ya ulimi.

Ila unamwambia shangazi umepona kwa sababu unakula. Nani kakupima? Dada yako alinipeleka kwa daktari wake, nikamuuliza yote. Kasema limfoma hii ya tumbo, yaani saratani ya chembe za kinga, wanaiita MALT, haina haraka, na kwa wengi chanzo ni bakteria, Helicobacter pylori. Wakifa hao kwa dawa kama zile zako, kwa wagonjwa kama watatu kati ya wanne uvimbe nao unayeyuka. Lakini polepole: miezi, pengine mwaka na zaidi. Njaa kurudi si kipimo. Kwanza wahakikishe bakteria wamekufa, halafu kamera, ule mpira wa kukuangalia tumboni, kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kuna isiyosikia dawa, hiyo huchomwa kwa mionzi. Na kuna inayogeuka ikawa kali. Wengi wanaishi miaka mingi, alisema, nikamwomba arudie.

Kwa hiyo urudi kwenye kamera. Najua mpira ule unakera koo.

Eti Barry Marshall, daktari wa Australia, mwaka 1984 aliwanywa bakteria hao makusudi, athibitishe wanaumiza tumbo. Mama yake sijui alisemaje.

Ile chupa ya mizizi niliyokutumia kwa basi, kama imebaki, mwaga. Siku ile ya Idi ulikula ming'oko miwili ukasukuma sahani, na mkanda umeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nikakwambia punguza pilipili. Niliuona mkanda, Saidi.

Mikorosho imeanza maua, salfa ya awamu ya kwanza tumepuliza. Kisima cha maji ya mvua kimepata ufa, fundi anataka saruji mifuko miwili. Usitume hela. Hiyo ya saruji ndiyo nauli yako ya kwenda hospitali, na tarehe ya kamera unitajie mimi, si shangazi. Mbuzi kazaa pacha, jike mmoja wako.

Mama yako,
Somoe