Kabla ya kuuliza bei ya bando, piga 100

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu laini za simu. Kijiweni ukiuliza mtandao upi unafaa, utatajiwa bei ya bando tu. Mimi ni fundi friji hapa Makambako, na bando halijawahi kunitesa kama huduma kwa wateja.

Miezi michache iliyopita mteja alinitumia shilingi 85,000 za kompresa. Kwake zilikatwa, kwangu hazikuingia. Nikapiga 100, namba ya huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki, "wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine". Nilipompata mtu, nusu saa imekwisha, na jibu lake likawa nisubiri saa 72. Siku ya tano nikapiga tena. Huyu wa pili hakuona kumbukumbu yoyote, nikaanza kusimulia upya. Siku ya tisa hela zikarudi kwa mteja, ambaye alishaanza kuniita tapeli.

Kwa nini sikuhama mapema? Namba yangu imepakwa rangi mlangoni, na kila friji ninayotengeneza naibandika nyuma yake. Nilidhani, kama wanavyodhani wengi mtaani kwetu, kwamba kuhama ni kuipoteza. Kumbe tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama na namba yako: unakwenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Toa kwanza pesa zilizo kwenye simu, lipa mkopo wa salio kama unadaiwa, na bando limalize, maana halikufuati. Usumbufu uliobaki ni mdogo: watu wakiona tarakimu za mwanzo hudhani bado niko kulekule, na wakala mmoja wa pesa alibishana nami kuhusu mtandao wangu hadi jina langu lilipotokea kwenye simu yake.

Safari hii sikuchagua kwa matangazo. Niliazima simu za majirani, nikapiga 100 ya kila mtandao Jumatatu saa nne asubuhi, kisha jioni, huku naangalia saa. Tofauti ilikuwa ya kushangaza. Halafu nikazibeba hadi Wanging'ombe, ambako huitwa mara kwa mara, kwa sababu laini inayosoma 4G hapa mjini inaweza kuwa hoi ukishuka bondeni. Mtandao ulioshika vizuri ndio nikahamia, ingawa bando lake ni ghali kidogo.

Lakini si kila mtu ana majirani wa kuazima simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupima ubora wa mitandao na kutoa ripoti. Naiomba muda wa kusubiri kwenye 100, na siku zinazopita hadi muamala uliokwama urudishwe, vibandikwe kwenye ukuta wa kila duka la kampuni ya simu, pale pale penye bango la bando.

Fundi friji,
Makambako, Njombe