Kuvaa kila mtu anaweza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kubobea kwenye virusi, tena hivi vinavyoua. Sikukatazi.

Naona unamtaja sana Profesa Muyembe, yule mtaalamu wa virusi wa Kinshasa. Vizuri, ila msome kwa makini. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kijiji cha huko huko Kongo, watu wanapukutika kwa homa isiyojulikana, akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu. Kila akichomoa sindano damu haikati, inachuruzika tu pale pale hadi inamjaa vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni, basi. Ilikuwa Ebola, wakati huo haijapewa hata jina. Ninyi vijana hapo mnaona ushujaa. Mimi naona sabuni na bahati kubwa mno.

Hapa kwetu Kagera, Marburg, homa ya virusi iliyo ndugu ya Ebola, ilipoingia mwaka 2023 iliua watu sita, mmoja wao mhudumu wa afya. Kwa hiyo ujasiri usinisimulie. Niambie umejua kuvua glavu. Kuvaa kila mtu anaweza. Hatari iko kwenye kuvua, umeshachoka, miwani imejaa ukungu, jasho linaingia machoni na mkono unawashwa kujifuta. Ile ya kwanza unaishika kwa nje na kuigeuza kinyumenyume; ya pili unapenyeza kidole kwa ndani, kisiguse nje hata kidogo. Kisha klorini. Fanya polepole, wanaokucheka waache wacheke.

Jambo jingine ni subira, na hapo nakujua, mama, huna. Mwaka 1995 kule Kikwit, Kongo, Muyembe aliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona Ebola. Saba wakapona. Wataalamu wa nje wakatia shaka, eti hakukuwa na kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wasiopewa damu hiyo. Kisayansi walikuwa na hoja, lakini nadhani dharau nayo ilikuwemo. Baadaye, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo iliyotoa kingamwili, ile kinga ya mwili inayopambana na virusi, ya dawa ya Ebola iitwayo Ebanga. Marekani iliiidhinisha Desemba 2020. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, kisha ndiyo unilalamikie kwamba jaribio lako la wiki iliyopita halikujibu.

Ada ya muhula nitatuma kahawa ikishalipwa. Mama yako sijamwambia bado. Utamwambia mwenyewe ukija likizo, tena mchana, usije ukamkosesha usingizi.

Ni mimi baba yako.